Maziwa ya Saa Nne

Viganja vya mjomba Anselmi vilijaa vinundu vigumu kama punje za mahindi. Tulipokuwa watoto tuliogopa kuvishika. Yeye alivionea fahari, akisema ni sugu za kazi. Mkewe, Ida, alimtania kwamba mtu mwenye mikono ile hahitaji gunzi la kupukuchulia mahindi.

Sugu hizo mjomba alizipata kwenye yadi moja nje ya Mikumi, walikoloweka nguzo za umeme katika dawa ya kuzuia mchwa. Nguzo zilitoka kwenye tangi zikiwa za kijani, zinachuruzika, naye alizivuta kwa mikono mitupu. Walipoomba glavu, mkuu wa yadi, Mzee Zabron, aliwajibu kwamba maziwa yanatosha, yanaondoa sumu yote mwilini. Kila siku saa nne kazi ilisimama, kila mmoja akapewa kikombe chake. Wengine walinung'unika. Mjomba alikunywa, kwa kuwa Zabron ndiye aliyemsimamia ndoa yake.

Yadi ilifungwa, mjomba akarudi kulima kijijini kwetu Zombo. Miaka mingi baadaye sugu moja ya kidole cha shahada ilipasuka ikawa kidonda kisichopona. Nilimsindikiza hospitali Morogoro. Walikata kipande kidogo cha nyama wakapime, na majibu yakaja kuwa ni saratani ya ngozi. Daktari aliuliza kuhusu kazi zake za zamani, kisha akaeleza kwamba dawa zile za nguzo huwa na sumu iitwayo aseniki, na kwamba madhara yake yanaweza kujitokeza mtu akiwa ameshaisahau kazi yenyewe. Kidole kingekatwa.

"Lakini tulikuwa tunakunywa maziwa," mjomba alisema.

"Maziwa gani, baba?"

Njiani kurudi hakuzungumzia kidole. Alitaka kujua jambo moja tu, kama Zabron alijua kwamba maziwa hayaondoi sumu ile. Mwenyewe alijijibu kwamba hapana, naye alidanganywa na wakubwa zake. Alilirudia hilo hata baada ya kukatwa.

Zabron alikuja kumpa pole akiwa na dumu la maziwa. Mjomba alimwamkia shikamoo kama zamani, akamwonyesha mkono uliofungwa bandeji. Wakakumbushana watu wa yadi, nani yuko wapi, nani alikufa, mpaka wakamfikia Innocent, mtoto wa Zabron. Alikaa nao kwenye tangi wiki moja tu, baba yake akamhamishia getini.

Mjomba alilitazama lile dumu.

"Innocent mbona hukumwacha kwenye tangi anywe maziwa, mzee?"

Zabron aliangalia chini. "Yule ni mwanangu, Anselmi."

Kwetu chombo cha mgeni hakirudishwi kitupu. Ida angeweka humo hata mahindi mawili matatu. Siku ile mjomba alimwomba ampe mzee dumu lake, naye akampa lilivyokuja, maziwa yakiwa bado yamejaa.