Wiski ya Kentucky na Pua ya Jirani

Jirani yangu wa mlango wa pili hapa Ladywood, Uingereza, ni mzee wa Kisikh aliyezaliwa Kisumu. Korona haikumuua. Ilimchukulia pua tu. Alitoka hospitali, akapumzika, kisha siku moja akakaanga vitunguu mpaka vikawa makaa na kengele ya moto ikalia jengo zima, naye amesimama palepale jikoni akikoroga. Sisi wengine tulishuka ngazi mbio na makoti juu ya kanga. Yeye akashuka wa mwisho, kilemba kimefungwa vizuri, akaniambia, "Mama, mimi sikusikia kitu."

Nilidhani anasema habari ya kengele.

Majira ya kuchipua yaliyofuata alinibishia hodi akiwa na chupa kwapani.

"Hii ni wiski ya Kentucky, huko Amerika," akasema. "Wanaiita bourbon. Nataka uninusie."

Nilimkumbusha kwamba nimelelewa Nakuru, katika nyumba ya walokole ambamo hata soda iliyolala wazi ilitiliwa shaka. Sijawahi kuonja pombe maishani.

"Kunusa si kunywa. Ukipita mbele ya baa, umekunywa?"

Nikamkaribisha.

Akaeleza shida yake. Yeye na wastaafu wenzake wana chama cha kuonja wiski. Hukutana Jumamosi mchana katika chumba cha nyuma cha baa moja, na sharti lao ni kwamba chupa iwe ya bei nafuu, ya kupatikana supamaketi. Kila mara mmoja wao huleta chupa na kuieleza kwanza, kisha wengine huitolea alama. Sasa ilikuwa zamu yake, na wenzake hawakujua habari ya pua.

"Si uwaambie tu?"

"Wataninyang'anya glasi," akasema.

Akamimina kidogo. Rangi yake ilikuwa ya chai isiyo na maziwa iliyotiwa maji mengi. Nikainamisha uso.

"Inanukaje?"

"Inanuka pombe."

"Pombe gani?"

"Ya kulewa."

Akavuta kiti, akaketi. Aliona safari ni ndefu. Akanifundisha kushika glasi mbali kidogo, kuacha mdomo wazi, kunusa polepole kama mtu anayepita jikoni kwa watu na hataki kujulikana ana njaa. Mara ya kwanza machozi yalinitoka. Baadaye, nyuma ya ule ukali, nikapata mahindi: gunia lililoanikwa juani. Nikamwambia. Akasema ni kweli, bourbon hutengenezwa kwa mahindi zaidi kuliko nafaka nyingine yoyote. Kisha nikapata mbao. Baba yangu alikuwa seremala, na harufu hiyo siwezi kuikosa.

"Mbao mbichi," nikasema. "Iliyopigwa randa asubuhi hii."

Alipiga meza. "Kwa sababu bado changa! Huwekwa ndani ya pipa jipya lililochomwa kwa ndani, ikae mpaka ikomae. Hii wameitoa mapema, ndiyo maana bei ni ndogo."

Tuliendelea hivyo jioni kadhaa, nikitoka kazini kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Tukapata njugu za kukaanga, vanila kidogo kama ya keki, na ndizi iliyoiva kupita kiasi. Hatimaye ilibidi nionje. Nilichukua kijiko kimoja cha chai, nikasimama karibu na sinki, nikatema yote, isipokuwa ile iliyojiamulia njia yake. Ulimi uliwaka. Ukaja utamu wa sukari iliyoungua kwenye sufuria, kisha utamu ukaondoka bila kuaga, nikabaki kama mtu aliyetafuna kijiti cha kuchokolea meno. Mzee aliyarudia maneno yangu kwa sauti ya chini, akiyakariri kama mtoto wa madrasa.

Jioni moja nilimkuta hana chupa mezani. Alikuwa na shali ya mkewe, aliyefariki kabla ya korona. Aliiweka mikononi mwangu akasema, "Na hii?"

Niliinusa kwa namna ileile aliyonifundisha. Nilichukua muda wangu, nikaigeuza, nikatafuta kwenye pindo na mahali inapogusa shingo. Nilijua anataka nini na nilitamani sana kumpa.

"Dawa ya nondo," nikasema. "Na mbao ya kabati."

"Basi?"

"Basi, Mzee."

Akaikunja. Alisema alikuwa anaogopa kuifua miaka yote hiyo, asije akaifuta harufu ambayo yeye haisikii. Kesho yake niliiona ikining'inia kwenye kamba ya balkoni yake. Siku ya mkutano aliivaa shingoni.

Chama kilikuwa cha watu wachache. Mwenyekiti alikuwa Mwingereza aliyestaafu kutoka karakana ya reli ya Tyseley, mtu mwenye mikono mikubwa na sauti ya kutangaza treni. Mwishoni mwa meza aliketi mama mmoja wa Kihindu, mwenye sweta ya kijani. Mzee alinitambulisha kuwa jirani aliyemsindikiza, nami nikaomba maji ya machungwa.

Alizungumza vizuri mno. Mahindi, mbao iliyopigwa randa, njugu, ndizi. Wenzake walinusa, wakaitikia kwa vichwa. Mmoja akasema hakika ndizi ipo. Nilianza kujivuna kimoyomoyo, dhambi ambayo nayo nililelewa kuiepuka.

Kisha mwenyekiti akatia matone ya maji katika glasi ya Mzee, akamrudishia. "Na sasa je?"

Hatukuwa tumefanya mazoezi ya maji. Mzee alinusa, akatazama dari, akanusa tena. Akanisogezea glasi kama mtu anayemkaribisha mgeni, akasema kwa Kiswahili, huku akitabasamu kwa ajili ya meza, "Haraka, mama. Imekuwaje?"

"Moto umepungua," nikamjibu. "Mbao imebaki."

"Na ndizi imepotea," akasema yule mama wa sweta ya kijani, kwa Kiswahili safi.

Mzee aliganda. Nilitazama maji yangu ya machungwa.

"Mimi ni wa Kampala," mama yule akaeleza. "Baba alikuwa na duka Mombasa pia. Endeleeni."

Mwenyekiti akauliza kuna nini. Mzee alivuta shali, akakohoa, na kwa Kiingereza akawaambia yote: korona, vitunguu, jirani. Akasema hana pua, na alama zake za tangu wakati huo wazifute.

Mwenyekiti alikuna kidevu. "Tunajua," akasema. "Ile siku glasi zilioshwa vibaya zikabaki na sabuni, sisi sote tulitema. Wewe ulisema ni laini kuliko zote."

Mama wa Kampala akaanza kucheka, na wengine wakafuata, na Mzee naye, akifuta macho kwa ncha ya shali.

Hawakumnyang'anya glasi. Walimtaka aitolee alama kwa ulimi tu. Alionja polepole, akasema ni tamu mwanzoni, ina moto mwingi, haidumu. Akaipa tano kati ya kumi. Mimi niliulizwa pia, nikatoa sita kwa ajili ya mbao. Uamuzi wa chama ukawa kwamba si mbaya kwa bei yake, ila ni ya kunywa na tangawizi na barafu, au kumiminwa kwenye keki ya Krismasi.

Tulirudi kwa basi, na mama wa Kampala akapanda pamoja nasi ingawa alikuwa ameacha gari lake mtaa wa pili. Aliketi na Mzee, mimi nikakaa nyuma yao. Walibishana kama samaki wa Kisumu ni mtamu kuliko wa upande wa Uganda, hali ziwa ni lilelile. Tulipita kituo chetu. Niliona, nikanyamaza.

Siku hizi mama wa Kampala ndiye anayemnusia. Nilimuuliza Mzee kama anaifanya kazi vizuri.

"Mbao haijui kabisa," akasema. "Lakini ana gari."