Pedali ya Jumuiya ya Juu

Mimi nilitaka mashine moja. Naliweka wazi hilo mapema, maana hapa kwetu jambo likiharibika watu huanza kwa kutafuta nani alilileta.

Nilikuwa mpiga gitaa wa kwaya ya vijana katika usharika wetu huku milimani, ingawa ujana wenyewe ulikuwa umeshaanza kunipa kisogo. Gitaa la umeme tulikuwa nalo, spika tulikuwa nayo, lakini sauti iliyotoka ilikuwa kavu, kama makande yaliyosahauliwa chumvi. Nikashuka Same kwa fundi redio mmoja wa karibu na stendi, ambaye bendi iliyovunjika ilikuwa imemwachia mashine ya milio. Ilikuwa sahani ya chuma yenye vitufe vya kukanyaga na kioo kidogo katikati. Ukikanyaga hapa gitaa linatoa mwangwi, ukikanyaga pale linatetemeka, ukikanyaga kule linanguruma.

"Dada, hapa hununui mashine, unanunua bendi nzima," fundi aliniambia. "Kila kitu kimo humo."

Nilijaribu mlio mmoja baada ya mwingine mpaka muuza chipsi wa jirani akaja kuuliza kama kuna mtu anaumizwa. Nilikuwa nimeshapenda. Njia nyingine ilikuwa kununua pedali mojamoja, yaani kila mlio na kisanduku chake, na kila kisanduku na waya wake. Fundi alikuwa nazo pia rafuni, zina rangi rangi. Mimi nilizitazama kwa dharau. Nani apande mlima na mzigo wa visanduku na nyaya wakati vyote vimo ndani ya kimoja?

Kumbe nilisahau kwamba uamuzi si wangu. Ni wa kamati, na kamati ni ya Wapare. Watu hututania kwamba Mpare atauza ng'ombe ili agharimie kesi ya kuku. Sisi hatukanushi, tunauliza tu huyo kuku alikuwa wa nani. Kikao cha kuamua juu ya milio kilianza jua likiwa kali na kikaendelea hadi ukungu ukashuka.

"Hiyo mashine yako moja ikiungua, si milio yote imeungua?" mweka hazina aliuliza.

"Haiwezi kuungua ovyo."

"Umeme wa hapa unaujua wewe, au umeusahau ulipokuwa Same?"

Nikajitetea kwamba mashine moja haina nyaya nyingi, haipotezi muda, inabebeka. Nilikuwa naelekea kushinda. Ndipo mzee wa kanisa, aliyekuwa muda wote akichokonoa meno, akauliza swali lililonimaliza.

"Sasa hiyo mashine ataichangia nani?"

Kila mtu akaelewa isipokuwa mimi. Katika kanisa letu kila dirisha lina ukoo wake, na kila benchi lina watu wanaojua lilitoka kwa nani. Mtu akitoa, anataka akikaa ibadani aweze kumgusa mgeni kiwiko na kumwonyesha: kile pale ni chetu. Mashine moja ya wote hakuna ambaye angeweza kuionyesha hivyo. Usharika wetu umegawanyika katika jumuiya tano, yaani nyumba za majirani wanaosali pamoja katikati ya wiki. Mzee akamaliza mambo hapo hapo: jumuiya tano, pedali tano, kila jumuiya na yake. Kamati nzima ikapiga makofi, nami nikapiga, maana ukishashindwa ni vizuri uonekane na adabu.

Kura zikapigwa katika kofia ya mwinjilisti. Jumuiya ya bondeni ikapata mwangwi. Jumuiya ya njia panda, ambako vijana wengi ni wa bodaboda, ikapata ngurumo, na sijawahi kuona kura ikimjua mtu namna ile. Mtetemo ukaenda shuleni, pedali ya kuongeza sauti ikaenda kwa watu wa mtoni. Ikabaki ya mwisho, ile ya kupimia nyuzi, na ikabaki Jumuiya ya Juu.

Jumuiya ya Juu ni zile nyumba za mwisho kabla ya msitu. Wengi wao ni wajane, wanalima tangawizi, na mwenyekiti wao alikuwa bibi yangu mzaa mama. Bibi huniita mke mwenzake, kwa utani, kwa kuwa anadai nilimnyang'anya babu siku niliyozaliwa.

"Mke mwenzangu, hiyo yetu kazi yake nini?" alinong'ona.

"Inaonyesha kama nyuzi zimekaa sawa, bibi. Bila hiyo, hizo nyingine zote zitapiga ovyo."

"Kwa hiyo ndiyo mkubwa wao."

"Unaweza kusema hivyo."

Akasema hivyo. Alisema njiani, kisimani na shambani, na wajane wakavuna tangawizi kwa furaha, kila mmoja na ndoo yake, kwa ajili ya mkubwa wa pedali.

Pedali zilipofika ziliwekwa mezani mbele juu ya kitambaa cheupe, mchungaji akaziombea, na kuanzia Jumapili ile sikuwa tena mpiga gitaa. Nilikuwa mgawaji wa haki. Watu wa bondeni waliinua shingo kila mwangwi ulipotoka, wakatazamana na kutabasamu. Watu wa njia panda hawakusikia ngurumo siku hiyo, kwa kuwa nilidhani wimbo wa toba hauihitaji. Jumatatu wakaja na mkungu wa ndizi.

"Siyo rushwa," mwenyekiti wao alisema, akiutua mlangoni. "Ni kukukumbusha tu."

Nikakumbuka. Jumapili iliyofuata wimbo wa toba ukanguruma. Wa mtoni wakaleta maziwa, wa shuleni wakaleta maharage, nami nikanenepa. Sikuwahi kula vizuri hivyo kwa kazi ya mguu mmoja, na wala sikuona aibu.

Jumuiya ya Juu hawakuleta kitu. Wao walikaa tu wakisubiri, Jumapili baada ya Jumapili, mkubwa wa pedali anene. Mwisho bibi akanifuata kanisani Ijumaa moja baada ya mazoezi, wenzangu walipokuwa wameshaondoka. Akakaa benchi la mbele, fimbo katikati ya magoti.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Yetu inalia lini?"

Nikamweleza tena, safari hii polepole. Pedali ile haina mlio. Ina taa. Inampimia mpigaji nyuzi zake, basi.

Bibi hakunitania. Hapo ndipo nilipoogopa. Akaniambia kwamba jirani yake, mjane mwenzake ambaye ana kesi naye ya mpaka wa shamba tangu mimi nikiwa mtoto, amesimama katika sala ya Jumatano na kusema Jumuiya ya Juu imenunua jiwe. Amesema mwenyekiti amewadanganya wajane ili mjukuu wake apate kitu cha kuchezea. Na wajane wamekubaliana naye: pedali yao isiposikika Jumapili hii, bibi aachie uenyekiti na amrudishie kila mtu ndoo yake ya tangawizi kutoka shambani kwake.

Tangawizi angeirudisha. Lakini uenyekiti ule ndio uliokuwa ukimtoa nyumbani tangu babu alipofariki. Kwa ajili ya ule alivaa kitenge kizuri siku za katikati ya wiki, akapanda kilima kuwaona wagonjwa, akagombana na watu. Bila ule ningemkuta jikoni anatazama moto. Nilitamani kulia, halafu nikatamani kumkaba yule mzee wa kanisa na kijiti chake cha meno.

"Lipo jambo," bibi alisema. "Wewe kanyaga yetu kwa vidole, watu waone. Halafu ile ya mwangwi uikanyage kwa kisigino."

"Bibi! Tuko kanisani."

"Ndiyo maana nanong'ona."

Nilimwambia haiwezekani. Watu wa bondeni walikuwa wanaujua mwangwi wao kama wanavyojua mbuzi wao, wangedai mbele ya madhabahu. Na zaidi ya hapo, nilimwambia, ukikanyaga pedali yetu gitaa lenyewe linakatika. Imetengenezwa hivyo makusudi, ili mtu akaze nyuzi zake kimya kimya bila kuwatesa wengine.

"Linakatika vipi?"

Nikawasha spika nikapiga. Kanisa tupu likajaa sauti. Nikakanyaga, na sauti ikatoweka ingawa mkono wangu bado ulikuwa unapiga.

"Tena," bibi alisema.

Nikarudia.

"Na ile ya bodaboda, nayo inanyamaza?"

"Inanyamaza."

"Na mwangwi?"

"Zote, bibi. Hii iko mbele yao. Ikifunga, hakuna kinachopita."

Akanitazama kwa uso ambao sikuwa nimeuona tangu siku jirani alipoongopa mbele ya baraza la ardhi na kunaswa.

"Uliponiambia ndiyo mkubwa wao nilijua unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa," alisema. "Kumbe kweli. Jumapili, wimbo baada ya mahubiri, ubeti wa tatu. Nikikohoa, kanyaga."

Nikamuuliza anataka kufanya nini. Akasema yeye ni mwenyekiti, si mtangazaji wa redio.

Jumapili nilitetemeka bila msaada wa pedali. Wimbo ulikuwa wa kitabuni, wa zamani, ambao kila mtu aliukuta duniani. Ubeti wa kwanza niliupa mwangwi, wa pili ngurumo, na njia panda nzima ikachangamka. Ukaingia wa tatu. Bibi akakohoa, kikohozi cha mtu mwenye afya tele. Nikakanyaga.

Watu walidhani umeme umekatika. Vijana wa bodaboda wakageuka kutazama taa, na taa ilikuwa inawaka. Kwaya yetu ya vijana, iliyozoea kunifuata mimi, ikayumba na kunyamaza nusu. Lakini benchi za Jumuiya ya Juu hazikuyumba, kwa sababu wale wanawake hawakuwahi hata siku moja kuegemea gitaa langu. Waliendelea walivyokuwa wakiimba siku zote, nasi tulikuwa hatujawasikia. Sauti zilikuwa za kizee, zimekwaruzika, zimegawanyika zenyewe juu na chini pasipo mwalimu. Chini kabisa palikuwa na sauti moja nzito iliyozibeba nyingine zote, na nilipotafuta inakotoka nikaona ni ya yule jirani. Alikuwa amefumba macho.

Nilikuwa nimepigia gitaa kanisa lile miaka yote nikiwaza namna ya kuongeza sauti, na niliona wivu, nisiseme uongo, na nilifurahi pia, mpaka nikasahau kuondoa mguu. Ubeti wa nne ulianza bila mimi. Nilipozifungulia tena nyuzi, nilipiga taratibu, kwa pembeni, kama mtu aliyechelewa ibadani.

Nje, baada ya baraka, mwenyekiti wa njia panda alitufuata akiwa ameshakunja uso, na nyuma yake vijana wake.

"Ubeti wa tatu mmeizima ngurumo yetu," alisema. "Mmeizima kwa kitu gani?"

Bibi alifungua kinywa. Jirani yake akamwahi.

"Kwa hicho chetu," alisema. "Tumekitolea tangawizi. Na kama mna kesi, ileteni, mwenyekiti wetu huyu hapa."

Mwenyekiti wa njia panda akamtazama bibi, akaitazama fimbo, akakumbuka kwamba ana abiria anamsubiri kwenye bodaboda. Jirani akanigeukia mimi. Sikuwa nimezungumza naye kwa miaka, kwa sababu ya mpaka.

"Shikamoo mama," nilisema.

"Marahaba. Leo umepiga vizuri," akanijibu, akinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Hasa ule ubeti wa tatu."