Miraa ya Mzee wa Kianjai

Miaka ya themanini nilikuwa daktari wa upasuaji peke yangu katika hospitali moja ya Meru. Peke yangu kabisa. Mwenzangu alikuwa amehamishwa, na barua nilizoandika kuomba mwingine sijui ziliwashia nani jiko. Kwetu ni Embu, si mbali, lakini hata mama yangu nilikuwa simwoni. Jioni nilikula ugali nimesimama, redio ikijisemea yenyewe.

Siku hiyo nilikuwa nimepasua watu tangu asubuhi ya jana yake, maana lori lililobeba watu wa soko lilikuwa limepinduka. Kufika saa nane mchana, aliyebaki kwenye orodha alikuwa mama mmoja wa Kianjai mwenye rovu, lile donge la shingoni. Alikuwa nalo miaka mingi na halikuwa na haraka yoyote. Nikatoka nje kumwambia mumewe tuahirishe.

Mzee alisimama, akavua kofia, akanipa kwa mikono miwili kitita cha miraa kilichofungwa kwa majani ya mgomba. Kule kwao hiyo ndiyo heshima yenyewe. Bila hiyo hata mchumba huombi. "Daktari, tumekuja kwako," akasema. Haya, mwambie mtu kama huyo kwamba umechoka! Niliona aibu. Nikatafuna miraa yake, usingizi ukaruka, mikono ikawa myepesi, nikajiona jogoo. Muuguzi akaniuliza kwa upole kama tusimpange Alhamisi. Nilimfokea mbele ya watu.

Kumbe ni macho tu yaliyokuwa yameamka. Fundo moja kwenye mshipa wa damu sikulikaza vizuri. Jioni lilifunguka, damu ikajaa shingoni, ikamziba pumzi, na nilipofika wodini mbio mama yule alikuwa ameshakata roho. Nilijifungia katika chumba cha kubadilishia nguo nikalia kama mtoto. Hakuna aliyebisha hodi.

Kesho yake mzee akaja ofisini na kitita kingine, akakiweka mezani.

"Asante kwa kujitahidi, daktari. Kazi ya Mungu haina makosa."

Mungu anisamehe, nilitamani sana kumwachia Yeye lawama ile. Ningenyamaza tu, na mzee angeenda zake akiniombea baraka. Lakini maneno yalinitoka.

"Mzee, makosa ni yangu. Nilikuwa sijalala siku mbili. Sikufaa kumshika mama."

Alinitazama. Nilingoja matusi, na afadhali angenitukana. Akanyoosha mkono polepole, akachukua kitita chake mezani, akakirudisha chini ya koti.

"Mbona hukusema?" akaniuliza. "Tulikuwa tumebeba chakula cha wiki nzima. Tungengoja."