Mama asiyejua kusoma alivyoshika grafu yangu kichwa chini, nikabaki darasani

Wakuu, hamjambo nyote. Mimi ni ajuza wa Kibra, simu hii nimenunuliwa na wajukuu, mkiona makosa mvumilie. Ila hii ni kweli tupu. Umri wa kudanganya umeshanipita.

Enzi za mkoloni, miaka ya hamsini, nilikuwa sekondari. Hesabu ndiyo ilikuwa roho yangu.

Ijumaa moja mwalimu wetu, bibi wa Kizungu, akatupa swali: chora grafu ya y = x³, kisha sema kama ina symmetry, yaani ulinganifu.

Nikachora vizuri sana. Mstari ukatoka chini kushoto, ukapita katikati, ukapanda juu kulia. Nikakunja karatasi kwenye mhimili wa wima, pande hazikulaliana. Nikakunja kwenye ule wa mlalo, wapi! Nikaandika: haina.

Nikapata mkasi mwekundu, ile alama ya kukosa. "Jumatatu ulete jibu lenye sababu," akasema, "la sivyo utahamia darasa la kushona."

Kushona! Mimi!

Nilifika nyumbani nimenuna. Mama alikuwa anasuka tabaga, lile kawa la kufunikia chakula ambalo sisi Wanubi hatukosi. Shule hakuwahi kuiona ndani. Akaichukua karatasi yangu, akaupenda ule mstari, akataka kuusuka.

Lakini aliishika kichwa chini.

"Mama, umeigeuza!" nikamfokea. (Mungu anisamehe, nilikuwa na mdomo.)

"Binti yangu, kwani tabaga ina juu na chini? Na karatasi hii unaikunjakunja ya nini? Sisi tunazungusha. Ukizungusha nusu na urembo ukabaki ule ule, umesuka sawa."

Nikaitazama ile karatasi mikononi mwake. Mstari ulikuwa ule ule.

Wakuu, nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia.

Nikashika penseli. Kuzungusha nusu ni kubadilisha alama ya x na ya y kwa pamoja:

-y = (-x)³

yaani -y = -x³

Zidisha pande zote kwa -1, unapata y = x³. Equation imerudi ilivyokuwa! Nikibadilisha x peke yake napata y = -x³, ambayo siyo. Ndiyo maana kukunja kulikataa. Symmetry ilikuwepo, ila ya kuzunguka ile sifuri ya katikati.

Jumatatu mwalimu akasoma mara mbili.

"Nani amekufundisha?"

"Mama yangu."

"Amesoma wapi?"

"Hajasoma."

Akanirudishia karatasi. "Rudi mahali pako, ukae."

Nilikaa, na baadaye nikafundisha hesabu mpaka nikastaafu. Nilichojifunza: kabla ya kumsahihisha mtu kwamba ameshika kitabu vibaya, tazama kwanza anachokiona.

Mama alimaliza ile tabaga, na ule mstari wangu umo. Imening'inia sebuleni kwangu hadi leo. Wageni huniuliza juu yake ni wapi, nami nawaambia waigeuze wenyewe.

Haya, nanyi semeni: nani alikufunza jambo kubwa bila yeye mwenyewe kujua anafundisha?