Mnavu wa Mzazi

Je, nilipuliza dawa kabla bibi hajachuma mnavu, au baada? Swali hilo lilininyima usingizi siku mbili, na kila nilipolirudia nilipata jibu jingine.

Nilikuwa nimerudi kijijini, mwendo wa saa moja kutoka Sumbawanga mjini, na shahada ya kilimo na bila kazi. Msimu wa kuinua ntumba ulikuwa umefika. Huku kwetu nyasi za shamba hazitupwi. Unazikata na udongo wake, unazifukia zingali mbichi kwenye vilima vya mviringo, ndiyo ntumba zenyewe, zioze ziwe mbolea. Ni kazi ya kuinama kutwa, na mgongo wa bibi ulikuwa unamsumbua. Nikaona nimsaidie. Jumanne, alipokwenda kusali jumuiya, niliazima bomba kwa jirani nikapuliza dawa ya magugu shamba lote la nyuma ya nyumba, hadi ukingoni. Sikuwaza kwamba nyasi iliyokauka imesimama haina cha kuilisha ntumba.

Wala sikuwaza kuhusu ukingo. Pale mnavu na mgagani huota vyenyewe. Chuoni tuliviandika kwenye orodha ya magugu. Kwa bibi ndiyo bustani, na hata kishona nguo, ambacho mimi nakichukia tangu utoto, hukifikicha na kukibandika kwenye jeraha.

Jumatano nilikuta mnavu umechemshwa na kuanikwa kwenye mkeka. Nilimuuliza ameuchuma lini. Kidogo juzi, akasema, kidogo jana, na mwingine kapewa na jirani. Wote ulikuwa kwenye mkeka mmoja. Nilikwenda ukingoni kuangalia. Dawa ile huchelewa kuonekana, na majani yalikuwa ya kijani kama kawaida. Nikasoma karatasi ya chupa mpaka nikaikariri. Ilieleza kuhusu glavu na upepo. Haikusema lolote kuhusu mboga iliyokwisha kuchemshwa.

Mnavu ule ulikuwa wa shangazi yangu, aliyekuwa amejifungua huko Kabwe. Bibi anaamini mzazi asipokula mnavu damu hairudi. Gari la kwenda huko lilikuwa liondoke Ijumaa. Nikisema, nilijiambia, atajua mjukuu aliyesomeshwa kwa maharage yake amemharibia shamba. Nisiposema, shangazi atakula, na mtoto atanyonya. Pengine hauna kitu. Pengine.

Ijumaa asubuhi nilimkuta akiufunga kwenye mfuko.

“Bibi, huo mnavu usiende. Nilipuliza dawa pale ukingoni, na sijui kama ni kabla hujachuma au baada.”

Akaacha kufunga. “Na nyasi za ntumba?”

“Na zenyewe.”

“Ndiyo maana zinanyauka. Nikadhani jua. Sasa mume wangu, huko chuo walikufundisha kuua tu?”

Nilimuuliza kama ameuonja. Akasema mboga ya mzazi haionjwi-onjwi. Kisha akauliza, taratibu, kama tukiuosha tena hautafaa. Nilijibu sijui. Miaka yote ile darasani, na hilo tu ndilo nililoweza kumwambia kwa uhakika. Aliendelea kuushika mfuko, akiupapasa kana kwamba vidole vingemweleza ni upi wa jirani na upi wa ukingoni.

Nikautoa mikononi mwake, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikaumwaga wote kwenye shimo la choo.