Siku Baba Alipouma Mawe ya Tochi

Enzi zetu Eastlands, Nairobi, sayansi tulijifunza kwa takataka. Watoto wa leo wakitaka kujua umeme wanabonyeza simu, tena wamelala kwenye kochi. Sisi tulizunguka mtaa mzima tukiokota nyaya na mawe ya tochi, yaani betri, yaliyoisha, tukayaanika juani ili yapate nguvu kidogo. Mwalimu akisema ulete kitu, ulileta, maana kiboko hakikuwa na masikio ya kusikiliza sababu.

Nikiwa darasa la sita, mwalimu wa sayansi alitaka wazazi wanaojua kazi ya mikono waje kutusaidia kuwasha balbu mbele ya darasa. Ujumbe huo sikuufikisha nyumbani. Nilikuwa nimewadanganya wenzangu kwamba baba ni injinia, kumbe alikuwa kibarua wa kubeba magunia ya rangi huko Industrial Area. Lakini mama alisikia habari kwa jirani, na baba akafurahi kama aliyealikwa harusini. Asubuhi hiyo hakwenda kusimama kwenye geti la kiwanda na vibarua wenzake. Alivaa koti lake la kanisani na viatu vyenye vumbi la rangi ya samawati ambalo halikutoka hata kwa sabuni ya kipande.

Darasani aliunganisha nyaya polepole, akieleza kila hatua. Balbu ikakataa kuwaka. Akayatoa mawe, akayatazama, kisha akafanya vile tulivyofanya nyumbani redio ikififia: akayatia mdomoni na kuyauma, moja baada ya jingine.

Darasa lilipasuka kwa kicheko. "Cheki buda anakula mawe!" mmoja akapiga kelele. Rafiki yangu Mwende akaniinamia. "Huyo ni budako?"

"Zii! Ni jirani tu."

Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Mwalimu akageuka. "Si mzazi wako?"

Nikatikisa kichwa. Baba alinitazama mara moja tu, kisha akamwambia mwalimu kwa upole, "Mimi ni jirani, mwalimu. Babake yuko kazini."

Akayarudisha mawe na balbu ikawaka. Wote walipiga makofi, mimi nikiangalia sakafu. Jioni mama alipomuuliza mambo yalivyokwenda, alijibu, "Mtoto wetu anaelewa sayansi." Akanipa kipande cha nyama kutoka sahani yake, nami nikakila.

Sikuwahi kumwomba msamaha. Nilikuwa nikisema nitamwambia Krismasi, nitamwambia nikipata kazi, hadi nikamzika. Aibu hiyo ninayo hadi leo.

Wazee wenzangu, tunapenda kusema watoto wa siku hizi hawana heshima. Mwezi uliopita nilichelewa kumchukua binti yangu shuleni, nikafika nikihema, kilemba kimekwenda upande. Akanionyesha kwa kidole mbele ya wenzake wote, akapaza sauti, "Yule ndiye mamangu!"

Mimi nikiwa na umri wake, sikuliweza hilo.