Chupa Ishirini na Sita za Bwana Dakika

Mtaa mzima ulimwita Bwana Dakika, na wala hakukasirika. Fundi saa kwa miaka thelathini na tano, chai yake anakunywa saa nne na robo. Ikiletwa saa nne na dakika ishirini, anaitazama kama imemtukana.

Mkewe, muuguzi, alikuwa anastaafu. Bwana Dakika akaapa kwamba wageni wa sherehe ya kumuaga watakunywa mvinyo wa mkono wake mwenyewe. Akanunua boksi lenye kila kitu: mfuko wa juisi nzito ya zabibu, pakiti ya hamira, ndoo yenye kibomba cha kutolea hewa, na kijiti cha kioo cha kupimia sukari. Maelezo yalisema subiri wiki nne hadi sita, na usijaze chupa mpaka kijiti kisome namba ileile siku tatu mfululizo. Macho yake yaliona "wiki nne", yakatosheka.

Siku ya ishirini na nane, dakika ileile aliyotia hamira, akafungua ndoo. Ilikuwa Alhamisi. Mkewe akainama kutazama kijiti.

"Mume wangu, hii bado. Jana nilipopima kilisoma kumi, leo nane. Sukari bado inaliwa humu ndani, na hewa inazidi kutoka."

"Hicho ni kijiti cha bure cha kwenye boksi. Saa yangu haijawahi kunidanganya."

"Homa ya mgonjwa mimi siipimi kwa saa."

"Sherehe ni keshokutwa, mama! Niwape wageni wako maji ya bomba?"

"Wape. Nani atakufa?"

Bwana Dakika alitia pamba masikioni. Akajaza chupa ishirini na sita, akagonga vizibo, na kwa kuwa kazi nusunusu inamuumiza kichwa, akafunga kila kizibo kwa waya wa saa za ukutani, akaukaza kwa koleo. Fundi mwingine yeyote angeacha kizibo kitupu, nacho kingeruka chenyewe mambo yakichacha. Yeye alikinyima hata nafasi hiyo. Kisha akazipanga kwenye rafu ya sebuleni, nyuma ya kiti cha mkewe, ili kila anayeingia azione. Ujuaji ni ugonjwa jamani, na huyu ulimshika vibaya.

Jumamosi saa saba mchana jua lilikuwa limeipiga rafu tangu asubuhi. Mkewe alikuwa kitini, anashona kifungo cha gauni la sherehe. Mlango ukagongwa. Akaweka sindano chini, akainuka kwenda kufungua.

Hajafika mlangoni, sebule ikalipuka. Chupa ya kwanza ikaita ya pili, ya pili ikaita nyingine tano. Bwana Dakika alitoka jikoni mbio. Ukuta ulikuwa mwekundu, sakafu nyekundu, na kwa sekunde moja hakujua kama ni mvinyo au ni damu.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, mzima, mikono masikioni. Lakini kile kiti! Kipande cha kioo kirefu kama kiganja kilikuwa kimezama kwenye mgongo wa kiti, pale pale inapokaa shingo yake.

Aliyegonga alikuwa jirani, kabeba viti vya kukodi.

"Nisamehe, fundi. Najua ulisema saa tisa. Nimekuja mapema mno."

Bwana Dakika alimkumbatia yule mtu na viti vyake, akalia kwa sauti kama mtoto, mbele ya majirani waliokuja kuchungulia.

Mkewe akawavuta wote nje, akaufunga mlango kwa ufunguo, maana chupa nyingine zilikuwa bado nzima. Akaegemea ukuta.

"Nilikuambia bado," akasema polepole.

Hakuwahi kulisema tena neno hilo, hata walipogombana miaka ya baadaye. Bwana Dakika angependa aliseme kila siku.